Mgeni Aliyeomba Jembe

Kwenye jalada la santuri, kijana mwembamba mwenye nywele ndefu za manjano amesimama Times Square, katikati ya New York. Mkono mmoja ameuweka kichwani, kama msafiri aliyeshushwa stendi asiyoijua na basi limeshaondoka. Mwaka ni 1972. Kijana huyo ni Larry Norman, na santuri yake inaitwa Only Visiting This Planet, yaani, kwa lugha yetu, duniani nimekuja kutembea tu.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa jina hilo. Kwaya zetu zimeimba miaka nenda miaka rudi kwamba dunia ni mapito, na Waraka kwa Waebrania unawaita watu wa imani wageni na wasafiri. Kwa sababu hiyohiyo jina linaweza kutupotosha. Tukilisoma haraka tutatarajia nyimbo za mtu aliyeipa dunia kisogo, anayehesabu siku aondoke zake. Tukishusha sindano kwenye santuri tunakutana na mtu mwingine kabisa. Huyu anasoma magazeti, anatazama taarifa ya habari, anahuzunika kwa waliokufa vitani, anaiuliza nchi yake fedha zimekwenda wapi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Norman ni mgeni aliyeliomba jembe mwenyewe, na mimi naamini albamu hii imedumu kwa ajili hiyo, zaidi hata ya ujasiri wake wa kuchanganya Yesu na gitaa la umeme.

Ujasiri huo nao ulikuwa mkubwa. Norman alizaliwa mwaka 1947 huko Corpus Christi, Texas, akakulia San Francisco. Alianza kujulikana akiwa na kundi la People!, ambalo mwaka 1968 lilifika nafasi ya 14 kwenye chati ya Marekani kwa wimbo wa I Love You, walioupata kwa kundi la Uingereza la The Zombies. Mwaka 1969 kampuni ya Capitol ikatoa albamu yake mwenyewe, Upon This Rock, ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya roki ya Kikristo. Jina lake linachezea sura ya 16 ya Mathayo, pale Petro anapoambiwa habari ya mwamba, kwa kuwa kwa Kiingereza mwamba na muziki wa roki ni neno moja. Albamu haikuuzika. Capitol ikaachana naye.

Ni vizuri kuelewa alikuwa amesimama wapi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, California ilijaa vijana waliokimbia makwao wakitafuta uhuru, muziki na dawa za kulevya. Baadhi yao, mahipi wa miguu mitupu, wakaanza kuokoka kwa makundi, wakaitwa Watu wa Yesu. Juni 1971 jarida la Time likawaweka kwenye jalada lake. Mwaka uliofuata maelfu kwa maelfu ya vijana walikusanyika Dallas kwenye mkutano wa Explo '72, Billy Graham akahubiri, Johnny Cash na Norman wakawa miongoni mwa waimbaji. Hata hivyo kukubaliwa uwanjani hakukuwa sawa na kukubaliwa ibadani. Kwa wazee wengi wa makanisa, nywele zile na mdundo ule vilitoka kwa adui. Kwa redio za muziki, jina la Yesu katika ubeti lilikuwa kikwazo. Mtu wa namna hii anafukuzwa na milango miwili kwa sababu mbili zinazopingana.

Wimbo wa Why Should the Devil Have All the Good Music ulijibu mlango wa kwanza. Swali lake, kwa nini muziki mzuri wote aachiwe shetani, ni la zamani, na hunasibishwa na wakubwa kadhaa wa kanisa, wakiwemo Martin Luther na William Booth wa Jeshi la Wokovu. Norman alilichukua akalipigia piano ya rokirola ya miaka ya 1950, kwa furaha tupu. Hazitukani tenzi za zamani. Anachosema ni kwamba yeye moyo wake unaitika kwa mdundo. Nani kati yetu aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kanisa kinachobishania ngoma na gitaa asiyeujua mjadala huo? Lakini huu ndio wimbo mwepesi kuliko yote kwenye santuri, na ni bahati mbaya kwamba ndio uliobeba sifa ya albamu nzima. Uzito uko kwingine.

Albamu ilirekodiwa London, katika studio za AIR za George Martin, mtayarishaji wa The Beatles, ikatolewa na Verve, tawi la kampuni ya MGM. Hilo si jambo la kupita tu. Muziki wa vijana waliookoka wakati huo mara nyingi ulirekodiwa kwa vifaa hafifu na kuuzwa mkono kwa mkono kwenye mikutano. Hapa gitaa linauma, besi inasikika mahali pake, fidla zinaingia taratibu panapohitajika. Mtu asiyeamini chochote angeweza kuisikiliza bila kuwahurumia waliotengeneza. Nadhani Norman alielewa kwamba kazi mbovu inayohubiri ni matusi kwa ujumbe wenyewe.

Na msikilizaji aliyemlenga ni yuleyule asiyeamini. Wimbo unaofungua, Why Don't You Look Into Jesus, unazungumza na mtu wa ulevi na ngono ya ovyo, na unataja kisonono kwa jina lake. Kumbuka ni mwaka 1972, na hii ni albamu iliyotarajiwa kuuzwa pia kwenye maduka ya vitabu vya Kikristo. Norman alikuwa amezoea kutembea Hollywood Boulevard akizungumza na watu wa barabarani, na lugha ya wimbo huu ni ya huko.

Halafu anakuja na The Outlaw, karibu gitaa tupu na sauti. Ubeti kwa ubeti anapitia yale ambayo watu husema kuhusu Yesu: kuna wanaosema alikuwa mhalifu aliyezurura na genge lake, kuna wanaosema alikuwa mshairi, wengine mchawi, wengine mwanasiasa. Kila dai analipa nafasi yake kamili, halidhihaki, halikatizi. Mwisho kabisa ndipo anapotaja imani yake mwenyewe, kwamba ni Mwana wa Mungu, na hata hapo hapandishi sauti. Wahubiri wangapi huwapa wapinzani wao beti zote za mwanzo?

Kuna nyimbo zisizohubiri kabisa. I've Got to Learn to Live Without You ni kilio cha mtu aliyeachwa na mpenzi, hakuna aya wala sala. Pardon Me ni mnong'ono wa mtu anayegundua katikati ya mabusu kwamba mwili umekaribia na moyo uko mbali. Waliotaka kila wimbo umtaje Yesu walikwazika na nyimbo kama hizi, na wamekwazika nazo hadi leo. Mimi naona bila hizo albamu ingeanguka. Mtu anayedai kuleta dawa ya upweke lazima kwanza atuonyeshe kwamba anaujua upweke.

Kisha anatoka chumbani kwenda kwenye nchi. I Am the Six O'Clock News unaimbwa kwa kinywa cha mwandishi wa habari aliye vitani, kamera mkononi, katika miaka ambayo Vietnam iliingia kila sebule ya Marekani saa kumi na mbili jioni. Mtu huyu anaona damu na nyumba zinazoungua, na kazi yake ni kuzigeuza kuwa picha. The Great American Novel unakwenda mbali zaidi. Norman anaisemesha Marekani ana kwa ana, mtindo wa Bob Dylan wa awali. Anayataja mauaji ya mtu mweusi usiku, shuka la kufunika uso la wauaji wa kibaguzi, vita, na safari ya mwezini iliyogharamiwa huku watoto wakilala njaa. Mwaka ule wa 1972 pekee Apollo ilikwenda mwezini mara mbili. Kijana mweupe aliyezaliwa Texas kuimba hivyo mbele ya wasikilizaji wa kanisani, ambao wengi wao waliona bendera na msalaba kuwa kitu kimoja, lilikuwa jambo zito kuliko mdundo wowote.

Hapa ndipo swali gumu la albamu linapojitokeza. Katika santuri hiyohiyo kuna I Wish We'd All Been Ready, aliokuwa ameurekodi kwanza mwaka 1969, wimbo wa unyakuo. Picha zake zinatoka Mathayo 24, zile za watu wawili ambapo mmoja hutwaliwa na mwenzake hubaki. Ni wimbo mtulivu, mzuri, na wa kutisha. Mwaka 1972 uliingizwa kwenye filamu ya A Thief in the Night, iliyowakosesha usingizi watoto wengi wa nyumba za Kikristo. Ikiwa tutanyakuliwa kesho, kwa nini uhangaike na bajeti ya mwezini? Wengi waliojifunza unyakuo kutoka kwa wimbo huo walijibu kwamba hakuna haja. Sipendi hofu iliyopandwa kwa njia hiyo, na siwezi kumwondolea Norman sehemu yake ya lawama. Lakini ukiusikiliza ndani ya albamu, si kwenye filamu, unasikika tofauti: anayeimba amejiweka kati ya waliobaki, anajuta pamoja nao. Hashangilii kuondoka. Ni huzuni ileile ya mwandishi wa habari aliye vitani.

Aprili 2014 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza rekodi 25 za kuhifadhiwa kama urithi wa taifa, na Only Visiting This Planet ikawa albamu ya kwanza ya roki ya Kikristo kuingia humo. Norman hakuiona siku hiyo, alifariki Februari 2008 huko Oregon. Katika orodha ileile ulikuwemo Fortunate Son wa Creedence Clearwater Revival, wimbo wa hasira juu ya nani hupelekwa Vietnam na nani hubaki nyumbani. Naona ni ujirani unaoifaa albamu hii kuliko rafu yoyote ya maduka ya nyimbo za injili.

Wimbo wa kufungia ni Reader's Digest, ambao karibu hauimbwi. Norman anaongea mbiombio juu ya mdundo, miaka kadhaa kabla rapu haijawa na jina. Anawataja wanamuziki Jimi Hendrix na Janis Joplin waliokufa mwaka 1970, anamkumbusha John Lennon ile kauli yake ya 1966 kwamba kundi lake, The Beatles, lilikuwa maarufu kuliko Yesu, anashangaa mawe yaliyoletwa kutoka mwezini kwa gharama ile. Habari za nchi nzima zinapita kwa dakika chache. Ni baada ya kuzimaliza zote, moja baada ya nyingine, ndipo anaposema kwamba hapa si kwake, yuko safarini.