Je, Wajua? Wali wa Kasongo na Kari ya Japani

Je, wajua kwamba wali wa Kasongo, Lusangi na Kabambare, pamoja na kari ya wali wanayoila Wajapani, ni vyakula vilivyoenea kupitia wageni wa karne ya 19?

Mpunga uliingia Maniema, mashariki mwa Kongo, iliko miji hiyo, kutoka pwani na misafara ya Waungwana na wafanyabiashara wa Zanzibar, akiwamo Hamed bin Muhammed, maarufu Tippu Tip. Aprili 1893, Dola Huru ya Kongo ilipouteka mji wa Kasongo, daktari Mwingereza Sidney Hinde alikuta maghala yamejaa mchele, kahawa na mahindi. Yasisahaulike jasho na machozi ya watumwa waliolima mashamba yaliyojaza maghala hayo. Leo ukiingia kwenye malewa (mkahawa wa mtaani), mama mpishi hukupakulia wali, kisha sombe (majani ya mihogo) iliyotwangwa ikaiva kwa mawese, na samaki pembeni.

Wajapani, kwa upande wao, walikuwa na wali tangu kale. Kilichowafikia ni mchuzi wa kari. Viungo vya India viliwajia kupitia Waingereza, na mapishi yake yakachapishwa kwa Kijapani mwaka 1872. Mchuzi wao ni mzito kwa sababu unga wa ngano hukaangwa kwanza kwa mafuta. Katika migahawa ya CoCo Ichibanya, iliyoanza mwaka 1978, mteja huchagua mwenyewe kiasi cha wali na ukali wa kari, kisha hula kwa kijiko, si kwa vijiti. Nao mabaharia wa jeshi la Japani huila kila Ijumaa.