Motokaa Inapochemka: Tusimfukuze Bawabu

Katika barabara itokayo Lubumbashi kwenda Likasi, na katika ile iendayo Kasumbalesa mpakani mwa Zambia, si ajabu kuona motokaa imesimama kando ya njia, kifuniko cha injini kimeinuliwa, mvuke watoka. Abiria wameshuka, dereva ameshika dumu la maji. Mambo hayo huzidi mwezi wa Oktoba, jua linapokuwa kali kabla ya mvua. Kwa baba anayelisha jamaa yake kwa kazi ya teksi, hapo haikusimama motokaa peke yake: karo ya watoto na chakula cha nyumbani vimesimama pia.

Katika taabu hiyo shauri moja hutolewa upesi: “Ondoa themostati! Kifaa hicho ni cha nchi za baridi, sisi hatukihitaji.” Wengi wamelifuata. Leo twataka kulipima shauri hilo, na kuonyesha jinsi ya kuutafuta ugonjwa wenyewe kabla ya kutoa fedha.

KAZI YA THEMOSTATI

Injini inapochoma mafuta hutoa joto jingi kuliko lile inaloweza kulitumia. Pampu husukuma maji yazunguke ndani yake, yachukue joto hilo na kulipeleka kwenye rejeta, ambako upepo huyapoza. Katikati ya njia hiyo amewekwa bawabu, ndiye themostati. Ni mlango mdogo wenye kikombe cha nta ndani yake. Maji yakiwa baridi, mlango umefungwa, nayo huzunguka ndani ya injini tu ili ipate joto upesi. Yakifikia joto lililoandikwa juu ya kifaa, mara nyingi digrii 82 au 88 za sentigredi, nta huyeyuka, huvimba, na kuusukuma mlango. Maji hupata ruhusa ya kwenda kwenye rejeta.

Basi tufikiri. Injini inapozidi digrii 100, bawabu aliye mzima amekwisha kuufungua mlango wote. Hazuii kitu. Kumwondoa kutaleta ubaridi gani? Kama motokaa imepona baada ya kuondolewa themostati, twajua jambo moja tu: ile ilikuwa imekufa ikiwa imefungwa. Dawa yake ni kutia mpya.

Tena kuna hasara. Injini isiyopata joto haichomi petroli vizuri. Petroli isiyoungua huosha mafuta ya kulainisha katika kuta za silinda, na chuma husagana na chuma. Katika asubuhi za baridi za Juni na Julai, ambazo kila mtu wa Lubumbashi azijua, taabu hiyo huongezeka. Katika motokaa za siku hizi, kompyuta ya injini hudhani kwamba injini ingali baridi, nayo huongeza petroli. Mwenye gari hulipa kila siku bila kujua. Ziko hata injini ambazo themostati hufunga pia njia ya pili, ile ya kurudisha maji ndani pasipo kupita katika rejeta. Ukiiondoa, njia hiyo hubaki wazi, na maji ya moto hurudi yalikotoka. Hapo dawa imeuzidisha ugonjwa.

TUANZE INJINI IKIWA BARIDI

Kabla ya yote, onyo. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kamwe injini ikiwa moto. Lubumbashi imeinuka kadiri ya mita 1,200 juu ya bahari, na maji katika sufuria iliyo wazi huchemka hapa karibu digrii 96. Ndani ya motokaa kifuniko huyashika kwa nguvu, hata yapite digrii 110 bila kuchemka. Ukikifungua ghafula, nguvu ile huondoka, maji yote huchemka mara moja na kumrukia mtu usoni. Ngoja mpaka rejeta iguswe kwa mkono bila kuunguza. Kwa sababu hiyohiyo kifuniko chenye mpira uliokatika chaweza kuwa ndicho chanzo cha kuchemka. Chunguza hicho kwanza, maana bei yake ni ndogo.

Kisha tazama maji. Je, yamepungua? Yakipungua kila juma, yanavuja mahali: katika mipira, rejeta, au pampu. Ukiona mapovu yasiyokwisha katika rejeta injini ikiwaka, au mafuta ya injini yamekuwa kama maziwa, au moshi mweupe mwingi hata injini ikiwa na joto, shuku gasketi ya kichwa cha injini. Themostati mpya haitaponya hayo.

Uliza pia: huchemka wakati gani? Ikichemka imesimama katika msongamano na kupoa inapokimbia, tazama feni. Ikichemka inapokimbia au kupanda mlima ikiwa na mzigo, shuku rejeta iliyoziba au pampu iliyochoka. Mwisho wa kiangazi, vumbi na wadudu hujaa katika mapezi ya rejeta. Yaoshwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi.

Sasa iwashe injini ikiwa baridi, ukaguse mpira unaotoka kwenye injini kwenda juu ya rejeta, mkono ukae mbali na feni. Katika injini nyingi mpira huo hukaa baridi kwa dakika kadhaa, kisha hupata joto ghafula: bawabu amefungua. Ukipata joto polepole tangu mwanzo, amekwama wazi au ameondolewa. Mshale ukienda kwenye wekundu na mpira ungali baridi, maji yakiwa yamejaa, amekwama akiwa amefunga, au pampu haisukumi.

JE, MSHALE WASEMA KWELI?

Pengine injini ni nzima, na mwongo ni sensa ya joto. Upinzani wa sensa hiyo kwa umeme hupungua kadiri joto linavyozidi. Katika motokaa nyingi za Kijapani ni karibu omu 2,500 kwa digrii 20, na karibu 300 kwa digrii 80. Fundi mwenye mita huupima kwa dakika chache. Mashine ya kusomea kompyuta ikionyesha digrii 40 chini ya sifuri, waya umekatika au sensa haikuchomekwa, maana baridi hiyo haijaonekana Katanga. Ikiandika P0128, injini haifikii joto lake. Mara nyingi themostati imekwama wazi.

JARIBIO LA SUFURIA

Wanafunzi waweza kujaribu wenyewe, mkubwa akiwapo. Ifungeni themostati kwa uzi, muitumbukize katika sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Yenye alama ya 82 yapasa kuanza kufunguka karibu na digrii hizo. Lakini yenye alama ya 88 huhitaji kadiri ya digrii 100 ili ifunguke yote, na sufuria ya Lubumbashi haifiki huko. Ikianza tu kufunguka, msiihukumu kuwa mbovu. Ikikaa kimya maji yakitokota, imekufa.

SHAURI LETU

Motokaa ikichemka njiani, zima kipoza hewa, fungua kipasha joto chote, tafuta mahali pa salama, usimame, uzime injini. Usimwage maji baridi katika injini iliyokauka na kuwaka moto. Kichwa chake chaweza kupasuka. Katika rejeta tumia maji safi yaliyochanganywa na dawa yake ya kuzuia kutu, wala si maji ya kisima yenye chokaa, kwa maana chokaa huziba njia.

Na fundi akisema, “Tubadilishe kifaa hiki,” umwulize kwa heshima: “Bwana fundi, umepima nini?” Fundi mwema hatakasirika. Usipoziba ufa utajenga ukuta: themostati hununuliwa kwa fedha kidogo, lakini kichwa cha injini kilichopinda kwa joto chaweza kumaliza akiba ya nyumba nzima.