Herufi Zilizoinama

Ukifungua kitabu, utaona ya kuwa herufi zake nyingi zimesimama wima kama nguzo za nyumba. Lakini mara nyingine utakuta neno moja limeinama kidogo upande wa kuume, kama nyasi zipigwazo na upepo. Herufi za namna hiyo huitwa italiki, kwa jina la Italia, nchi zilikozaliwa.

Asili yake ni mwandiko wa mkono. Katika karne ya 15 wataalamu na makarani wa Italia walikuwa na maandishi mengi ya kunakili. Mtu aandikaye kwa haraka hapendi kuinua kalamu kila mara. Basi herufi zao zilikaribiana, zikainama, na ncha pana ya kalamu ya unyoya ikaacha mistari minene na myembamba. Mwandiko huo ulikuwa mwepesi, tena wa kupendeza.

Mjini Venice alikuwako mpiga chapa, jina lake Aldus Manutius. Huyu alitaka kutoa vitabu vidogo vya kuchukulika mkononi, tena kwa herufi zenye sura ya mwandiko ule. Kazi hiyo akampa fundi Francesco Griffo, mtu wa Bologna. Griffo alichonga kila herufi kinyumenyume, katika ncha ya kipande cha chuma cha pua. Kisha chuma kile kiligongwa juu ya shaba, kikaacha alama. Alama ile ikawa kalibu, na ndani yake ikamiminwa risasi iliyoyeyushwa. Fundi akikosea kidogo tu, kosa lake lingeonekana katika kila ukurasa.

Mwaka 1501 kilitoka kitabu cha kwanza kilichopigwa chapa chote kwa herufi hizo, nacho ni mashairi ya Virgil. Ndani yake Aldus aliisifu mikono ya fundi wake. Lakini mwaka 1502 serikali ya Venice ilimpa Aldus peke yake haki ya kuzitumia katika nchi yake. Wawili hao wakaachana, na Griffo akaenda Fano kwa mpiga chapa Gershom Soncino. Mwaka 1503 Soncino akatangaza kitabuni kwamba mwenye kustahili sifa ya herufi zile ni Griffo aliyezichonga.

Mwaka 1524, huko Roma, Ludovico degli Arrighi, bingwa wa mwandiko, alianza kupiga chapa kwa italiki nyingine, yenye madaha zaidi.

Siku hizi ni nadra kitabu kizima kupigwa chapa kwa italiki. Hutumika kwa jina la kitabu, neno la lugha ngeni, au neno la kutiliwa mkazo. Na zile zenye madaha hupamba kadi za arusi na hati za heshima. Neno moja likiinama kati ya mengi yaliyosimama, jicho huliona mara. Yakiinama yote, hakuna lionekanalo.

Basi msomaji alionapo neno lililoinama, na amkumbuke mwenye kitabu, wala asimsahau fundi aliyeshika tupa.