Siku 21 za msajili wa Kilosa

Anayetoka Mikumi kwenda kufunga ndoa bomani Kilosa hupita Ulaya, kata iliyo kati ya miji hiyo miwili. Safari hiyo hufungwa na watu ambao dini zimewafungia mlango: Mkristo na Mwislamu wasiotaka kubadili dini, au mtalaka ambaye padri hawezi kumfungisha tena. Padri akikataa, kanuni za kanisa ziko nyuma yake. Shehe akikataa kumwoza binti wa Kiislamu kwa mume asiye Mwislamu, anasimamia dini yake.

Msajili wa serikali hana mlango wa kuwafungia.

Itazame karatasi anayopokea. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka taarifa itolewe siku 21 kabla ya harusi. Humo yamo majina ya wachumba, umri wao, makazi, wazazi, na kama mmoja wao aliwahi kuoa au kuolewa. Kisha linakuja swali zito: ndoa hii ni ya mke mmoja au ya wake wengi? Msajili anaweza kuwa mzee wa kanisa ambaye Jumapili husimama madhabahuni kukemea uke wenza. Jumatatu, bwana akijibu "wake wengi", anaandika alivyoambiwa. Imani ya msajili haimo kati ya sababu za pingamizi.

Iliyomo ni sauti ya mke mkubwa. Sheria inampa haki ya kupinga kwa hoja kwamba kipato cha mume hakitoshi, na kwamba kuongeza mke kutamtesa yeye na watoto. Msajili akipokea pingamizi hilo hana ruhusa ya kulipima kwa Biblia wala kwa Kurani, linakwenda mahakamani.

Kifungu cha 41 ndicho kinachoumiza kichwa. Ndoa ikishafungwa, inasimama hata kama taarifa haikutolewa, hata kama pingamizi lilikuwa bado halijaamuliwa, hata kama mfungishaji hakuwa na mamlaka, isipokuwa hilo la mwisho likiwa lilijulikana na wanandoa wote wawili. Kinga hiyo ni njema kwa bibi harusi asiye na kosa. Kwa mke mkubwa, maana yake ni kwamba ulinzi wake wote umo mikononi mwa mtu mmoja mwenye kalamu, kabla ya harusi.

Dhamiri ya mwenye kalamu huyo nayo ina uzito. Afrika Kusini iliwahi kuwaruhusu wafungishaji wa serikali kukataa ndoa za jinsia moja kwa sababu ya dhamiri. Mwaka 2020 ikaifuta ruhusa hiyo. Hapa kwetu, msajili ambaye moyo wake unagoma ampishe nani? Na yule ambaye dini yake inaibariki ndoa ya pili, nani atahakikisha hakulipuuza pingamizi?

Mama wa Mikumi, ukisikia fununu ya harusi, usingoje uhakika wa majirani. Nenda bomani ukasome ubao wa matangazo, upeleke pingamizi lako kwa maandishi kabla siku hizo 21 hazijaisha.