Milima ya Ruwenzori

Mpakani mwa Kongo na Uganda, karibu sana na Ikweta, iko milima yenye barafu. Jina lake ni Ruwenzori. Toka kaskazini hata kusini urefu wake ni kilometa 120 hivi. Milima sita iliyo mirefu yaitwa Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Kilele cha juu kabisa ni Margherita, katika mlima Stanley. Kimo chake ni meta 5109. Katika Afrika ni Kilimanjaro na mlima Kenya tu inayoupita.

Nyiragongo ni mlima wa moto, Ruwenzori sivyo. Zamani za kale ardhi ilipasuka. Sehemu moja ikadidimia, ikawa bonde la Semliki. Sehemu ya pili ikasukumwa juu, ikawa milima hii.

Apandaye hupita kwanza katika msitu, kisha katika mianzi. Halafu hukuta matope mengi, na lobelia ndefu kuliko mtu. Mwisho ni mawe na barafu.

Mawingu huificha milima hii karibu kila siku. Mwaka 1876 Stanley alipita karibu, asiione theluji. Mwaka 1888 kijana mmoja alimwonyesha mlima, akasema umefunikwa na chumvi. Stanley alidhani ni wingu jeupe. Alipotazama sana alitambua: ni theluji!

Mwaka 1889 Stairs, mwenzake Stanley, alijaribu kupanda, lakini hakuifikia theluji. Mwaka 1906 alikuja Luigi Amedeo wa Savoia, wa ukoo wa wafalme wa Italia. Alileta viongozi waliozoea milima ya Ulaya. Wakonjo, wenyeji wa Ruwenzori, walibeba mizigo katika mvua na baridi kali. Tarehe 18 Juni alisimama juu ya kilele, akakiita Margherita, jina la malkia. Mwaka 1932 Wabelgiji walioongozwa na Xavier de Grunne walipanda kwa upande wa Kongo.

Tangu siku zile dunia imezidi joto, na barafu nyingi imeyeyuka. Lakini maji mengi ya mito yatoka kwa mvua. Misitu na matope ya juu huyashika, kisha huyaachilia polepole. Yashuka Semliki, yaingia ziwa Albert, yafuata Nili mpaka Misri. Akataye ovyo msitu wa mlimani awanyima maji watu wengi asiowajua.

Maswali
1. Kwa nini Stanley hakuiona theluji mwaka 1876?
2. Nani walibeba mizigo mwaka 1906?
3. Msitu wa mlimani wafaa nini?