Kwa nini nyota wa chuo huwapotosha wataalamu

Usiku wa Juni 25, 2009, jijini New York, Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alitajwa wa pili katika drafti ya NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, yaani zamu za timu kuchagua wachezaji wapya, na kuchukuliwa na Memphis Grizzlies. Aliyemfuata mara moja ni James Harden. Stephen Curry alisubiri hadi nafasi ya 7. Wote wawili baadaye walitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Thabeet, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, aliiaga ligi hiyo mwaka 2014 akiwa na michezo 224 na wastani wa pointi 2.2.

Leo ni rahisi kuwacheka Memphis, lakini si haki. Msimu wake wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Connecticut, Thabeet alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 aliyoizuia kila mchezo. Timu yake ilifika nne bora za taifa. Msaka vipaji ambaye angempita mchezaji wa namna hiyo angekuwa na kazi kubwa ya kujieleza kwa bosi wake.

Tatizo ni kwamba takwimu hizo zilizaliwa chini ya sheria nyingine. Katika mpira wa vyuo, mlinzi mrefu anaweza kusimama chini ya kapu muda wote na kuwasubiri washambuliaji wamfuate. NBA ilizuia jambo hilo tangu msimu wa 2001-02: mlinzi asiyemkaba mtu kwa karibu haruhusiwi kukaa katika eneo hilo zaidi ya sekunde 3. Isitoshe, msimu ule mstari wa pointi tatu vyuoni ulikuwa mita 6.32 kutoka kapu, ilhali ule wa NBA, mbele ya kapu, uko mita 7.24. Uwanja unapanuka, na mtu mrefu analazimika kukimbia kutoka nje kwenda ndani na kurudi tena.

Hata hivyo, kipaji chake kikuu kilivuka naye. Katika msimu wa kwanza Memphis alizuia wastani wa mitupo 1.3 kwa dakika 13 tu za kucheza, kiwango kizuri kwa muda mfupi kama huo. Kilichobaki chuoni ni ufungaji: kutoka pointi 13.6 hadi 3.1. Hapo ndipo swali la kitaalamu linapoanza. Kujua kwamba kijana ni hodari hakutoshi. Inabidi kuuliza ni kipi katika uhodari wake kitakachosafiri.

Wanauchumi David Berri, Stacey Brook na Aju Fenn walilichunguza suala hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Waligundua kuwa pointi ndizo zinazompandisha mchezaji katika drafti kuliko kitu kingine, na kwamba kufika nne bora za taifa nako humwongezea thamani. Lakini vitu hivyo havikuwa dalili nzuri ya tija yake baadaye. Kwa maneno mengine, timu zilikuwa zikilipia kile kilichoonekana zaidi kwenye televisheni.

Msimu wa 2010-11 unalionyesha hili vizuri. Jimmer Fredette wa Chuo Kikuu cha Brigham Young aliongoza vyuo vyote vya Marekani kwa wastani wa pointi 28.9. Katika ligi hiyohiyo ya vyuo alikuwamo Kawhi Leonard wa San Diego State, kijana mwenye viganja vikubwa ajabu, hodari wa ribaundi, lakini mitupo yake ya pointi tatu haikufika asilimia 30 katika msimu wowote chuoni. Fredette alichaguliwa wa 10, Leonard wa 15. Fredette hakupata kudumu NBA. Leonard alikuwa mchezaji bora wa fainali mwaka 2014 na tena 2019.

Je, kulikuwa na dalili? Ilikuwapo moja. Leonard alifunga zaidi ya asilimia 70 ya mitupo yake huru. Wachambuzi wanaipenda namba hii, maana mstari wa mitupo huru uko mita 4.57 chuoni na NBA vilevile, na hakuna anayemkaba mtupaji. Inaonyesha mkono wenyewe. Katika msimu wa kwanza wa Leonard NBA, mitupo yake ya pointi tatu iliingia kwa zaidi ya asilimia 37.

Umri nao una uzito kuliko mashabiki wanavyodhani. Mwenye miaka 19 akifunga pointi sawa na mwenye 22, wa kwanza bado ana miaka ya kukua. Thabeet alikuwa na miaka 22 siku ya drafti, na mpira huu aliuanza akiwa tayari kijana wa umri wa sekondari.

Kwa sababu hiyo, makocha wa Dar es Salaam, Nairobi na Kigali wasisubiri kijana apite mita mbili ndipo wampe mpira. Wamfundishe kutupa mapema, na tangu siku ya kwanza waandike mitupo yake huru: mingapi alitupa, mingapi iliingia.