Je, Wajua? Mashine ya Boti Inapokata Nguvu

Je, wajua kwamba injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche? Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka joto lake lipite nyuzi 500 za Selsiasi, dizeli hunyunyizwa humo, na moto huwaka wenyewe. Kwa hiyo mashine kuukuu iliyofungwa ndani ya boti hudai mambo matatu ili itoe nguvu: mafuta safi, hewa ya kutosha na mbano mzuri. La nne liko nje, nalo ni mzigo unaosukumwa majini. Wenye boti wengi hukimbilia kufungua silinda hedi, kazi ya gharama kubwa, kumbe tatizo liko kwenye chujio la bei ndogo.

Je, wajua kwamba Rudolf Diesel, Mjerumani aliyefanikisha injini hii mjini Augsburg mwaka 1897, alipotelea baharini? Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 alikuwa ndani ya meli Dresden akitoka Antwerp kwenda Uingereza. Asubuhi hakuonekana.

Je, wajua kwa nini boti huenda vizuri polepole, kisha hukosa pumzi ukiongeza mwendo? Nguvu inayodaiwa na rafadha haipandi sawasawa na mizunguko. Hupanda kwa kipeo cha tatu. Kwa nusu ya mizunguko, rafadha hudai takriban sehemu moja kati ya nane ya nguvu zote. Chujio lililoziba nusu linaweza kupitisha mafuta ya mwendo huo bila shida yoyote. Ukisukuma mkono wa mwendo hadi mwisho ndipo upungufu unapojitokeza. Kwa hiyo usimwambie fundi kwamba mashine ni nzima kwa sababu tu inaunguruma vizuri ikiwa imefungwa gatini.

Je, wajua kwamba kuna kuvu wanaokula dizeli? Mmoja wao anaitwa Hormoconis resinae. Huishi pale maji yanapokutana na mafuta chini ya tangi, na maji hayo huingia kwa unyevu wa hewa, hasa tangi likiachwa nusu kwa muda mrefu. Kuvu hao huacha utelezi mweusi unaoganda kwenye machujio. Bahari ikiwa shwari, uchafu hutulia chini na mashine haisumbui. Kusi likivuma, boti ikaanza kuyumba, tope lote huvurugwa na kuvutwa kwa pamoja, na mashine hukata nguvu saa ile ile nahodha anapoihitaji kuliko wakati wowote. Mtu akikueleza kwamba mashine yake huharibika siku za mawimbi tu, mwambie asafishe tangi. Kubadilisha chujio bila kusafisha tangi ni kununua safari moja tu.

Je, wajua kwamba chujio lenye bakuli la kioo hukuonyesha maji kwa macho? Maji ni mazito kuliko dizeli, hivyo hukaa chini. Fungua koki ya chini na uyamwage kabla ya kuwasha mashine.

Je, wajua kwamba bomba linalovuta mafuta kutoka tangini linaweza kuwa na tundu bila kudondosha hata tone? Upande ule pampu inavuta, kwa hiyo badala ya dizeli kutoka, upepo huingia. Mashine hupanda na kushuka yenyewe, kisha huzima. Chomeka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu na utaviona viputo vikipita. Kaza viungo, badilisha mpira uliokauka, kisha toa upepo kwa kufuata njia ya mafuta: kwenye chujio kwanza, halafu kwenye pampu ya nozeli, na mwisho kwenye nozeli zenyewe.

Je, wajua kwamba nyigu wanaojenga kwa udongo wanaweza kuisimamisha boti? Wakiziba bomba la kupumulia la tangi, mafuta yanapotoka hewa haiingii kujaza nafasi, na pampu hushindwa kuvuta. Legeza mfuniko wa tangi. Ukisikia hewa ikifyonzwa kwa nguvu na mashine ikachangamka, umeshapata jibu.

Je, wajua kipimo bora kuliko vyote, nacho kinahitaji dumu tu? Jaza dizeli safi, lifunge imara mahali palipoinuka mbali na eksozi, kisha pitisha mpira mfupi hadi kwenye pampu ya kuvuta. Mpira wa marejeo nao uingie humo humo. Toa upepo na uende baharini. Nguvu zikirudi, mashine yako haina kosa. Tatizo liko kati ya tangi na pampu. Ningependa kila mwenye boti afanye jaribio hili kabla hajamlipa mtu yeyote.

Je, wajua kwamba oili inayoongezeka badala ya kupungua ni hatari? Kwenye mashine nyingi za zamani, ngozi ya pampu ya kuvuta ikipasuka, dizeli huvujia ndani ya oili na kuifanya nyepesi. Kina cha oili ukikiona kimepanda, usiwashe.

Je, wajua kwamba injini ya lita 2 isiyo na tabo (turbo), ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huvuta takriban lita 2,000 za hewa kila dakika? Kila silinda huvuta mara moja katika mizunguko miwili. Sasa fikiria mashine iliyofungiwa ndani ya kasha la mbao lililozibwa ili kelele isitoke. Fungua mfuniko wa kasha boti ikiwa mwendoni. Mizunguko ikipanda, toboa njia ya hewa.

Je, wajua kwamba moshi una lugha yake? Mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa, au mzigo umezidi. Wa buluu: oili inaungua, huenda ringi zimechoka. Mweupe unaochoma macho na kuacha mng'ao wa rangi juu ya maji: dizeli inatoka bila kuungua. Mweupe unaotoweka upesi ni mvuke. Ukizidi ghafla, tazama upoozaji.

Je, wajua kwamba kiwiko cha eksozi, mahali maji ya bahari yanapochanganyika na moshi, huziba kwa masizi na chumvi polepole? Mashine isiyoweza kutoa moshi haiwezi kuvuta hewa mpya. Kifungue na uchungulie.

Je, wajua kwamba mabaharia wa majahazi wa mwambao walipaka sehemu ya chini ya chombo mchanganyiko wa chokaa na shahamu? Walijua hasara ya chombo kilichoota viumbe vya baharini. Rafadha iliyogandwa, au iliyozongwa na wavu na mifuko ya plastiki, hunyima boti nguvu hata mashine ikiwa mpya. Zima mashine kabisa, ondoa ufunguo, ndipo uzame kutazama.

Je, wajua kwamba mizunguko ikipanda huku boti haiendi, injini haina lawama? Angalia oili ya gia, kisha shafti na ufunguo wake wa chuma.

Je, wajua kwamba waya wa mwendo uliolegea hufanana na injini iliyochoka? Mwenzako asukume mkono hadi mwisho, wewe utazame kama mkono wa pampu unagusa skrubu ya kikomo. Tazama pia waya wa kuzimia, usiwe umevutika nusu. Kazi hiyo haigharimu hata shilingi.

Je, wajua namna ya kuitambua silinda isiyofanya kazi? Kwenye mashine za zamani zenye pampu ya kawaida, legeza kidogo nati ya bomba la nozeli, moja baada ya nyingine. Silinda nzima ikikatiwa mafuta hivyo, mlio hubadilika. Mbovu ikikatiwa, hakuna tofauti. Funika nati kwa kitambaa na usiweke mkono mbele ya mafuta yanayoruka: shinikizo lake hutoboa ngozi, na jeraha dogo kama hilo ni la kukimbizwa hospitali. Kwa injini mpya za shinikizo kubwa, jaribio hili ni marufuku.

Hayo yote yakishapita bila jibu, ndipo upime mbano, na ndipo silinda hedi ifunguliwe. Na ukitoka tena, beba machujio mawili ya akiba, spana za nati za kutolea upepo, na nanga yenye kamba ndefu.